Masta ya usalama wa mtandao: anza kabla hujalipa ada

Muhula wangu wa kwanza nilikuwa natoka kazini Posta saa kumi na moja jioni, napambana na foleni, naingia darasani nimechoka hoi, halafu nusu ya anachosema mhadhiri nakisikia kwa mara ya kwanza maishani. Safu yetu ya nyuma tulikuwa watu wanne. Muhula wa pili ulipofunguliwa nilikuwa nimebaki peke yangu. Wale watatu hawakuwa wazembe. Walikuja wakiamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba masta itawafundisha usalama wa mtandao kuanzia A. Haina muda huo. Kozi ya miaka miwili, ukitoa likizo, mitihani na tasnifu, inakuachia miezi michache tu ya kukaa darasani, na mhadhiri anaanza safari pale anapodhani wewe tayari umefika.

Kwa hiyo hatua nyingi za mwongozo huu ni za kabla ya kulipa hata shilingi. Jipe miezi sita ya maandalizi. Ukiwa unafanya kazi za mitandao au programu kila siku, mitatu inatosha.

Hatua ya 1: Jua unataka kukaa kiti gani

Mwishoni mwa Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya ulielemewa na shambulio la kuufurikisha kwa maombi ya uongo. Watu walishindwa kuomba pasipoti, viza na leseni mtandaoni. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuhusika. Jiulize: siku ile, ungependa uwe nani?

Kuna aliyekuwa akitazama vipimo vya mtandao na kuchuja maombi ya uongo na ya kweli ili huduma zirudi. Huyo ni mlinzi wa zamu. Kuna aliyetakiwa kukusanya kumbukumbu za seva kwa namna ambayo hata mahakamani zitasimama. Huyo ni mchunguzi wa ushahidi wa kidijitali. Kuna ambaye kazi yake ilikuwa ya miezi kadhaa kabla, kujaribu kuvunja mfumo kwa kibali cha mwenye mfumo ili aeleze pa kuziba. Na kuna aliyekaa na wanasheria na wakubwa kujibu maswali ya aina hii: data za wananchi zimeguswa? Tunatakiwa kumjulisha nani, na kwa muda gani? Huyu wa mwisho hahitaji kuandika msimbo mgumu, ila asipoelewa mfumo unavyofanya kazi atadanganywa na kila fundi.

Viti hivi vinne vinafundishwa na masta tofauti zenye majina yanayofanana. Usisome jina la shahada, soma orodha ya masomo. Nimeona kozi yenye neno "saiba" kubwa kwenye bango, ndani yake masomo saba kati ya kumi ni ya uongozi na ukaguzi. Si kozi mbaya. Ni mbaya kwa aliyekwenda akitaka kuchambua virusi. Na ukiwa mkaguzi wa hesabu au mwanasheria unayetaka kuhamia huku, hiyo ndiyo kozi yako. Usijitese na ile ya upande wa pili kwa sababu tu inasikika nzito.

Hatua ya 2: Jipime kwa kalamu na karatasi

Wanaojaza fomu wengi huulizana kuhusu GPA. Mimi nauliza hesabu, kwa kuwa somo linalotoa sapu (mitihani ya kurudia) nyingi ni kriptografia, yaani elimu ya kuficha ujumbe kwa hesabu, na kriptografia inasimama juu ya kitu ambacho mtoto wa Kiswahili anakijua tangu utotoni: saa.

Sasa hivi ni saa kumi jioni. Baada ya saa tano itakuwa saa ngapi? Hujasema "saa kumi na tano". Umesema saa tatu usiku, yaani umejumlisha, umetoa kumi na mbili, umechukua kilichobaki. Hesabu za mabaki ndizo hizo. Sasa twende nazo mbele kidogo.

Chukua namba tasa mbili, 3 na 11. Zizidishe upate 33. Hii ndiyo saa yetu, yenye namba 33 badala ya 12. Kisha toa moja kwenye kila namba uzidishe tena: 2 × 10 = 20. Ufunguo wa hadharani tuuite 3. Ufunguo wa siri utakuwa 7, kwa sababu 3 × 7 = 21, na 21 ukiigawa kwa 20 inabaki 1.

Nataka kukutumia namba 4 kwa siri. Naipandisha kwa kipeo cha 3: 4 × 4 × 4 = 64. Nagawa kwa 33, inabaki 31. Nakutumia 31. Njiani yeyote anaweza kuiona. Wewe unaipandisha kwa kipeo cha 7. Usiogope, kuna njia ya mkato: kwenye saa ya 33, namba 31 iko hatua mbili nyuma ya mwisho, kwa hiyo ni sawa na −2. Kipeo cha saba cha −2 ni −128. Ongeza 132, ambayo ni 33 mara nne, unapata 4. Ujumbe umefika.

Umetoka kufanya RSA, njia iliyotangazwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman. Tofauti ya hii na ile inayolinda miamala ya benki ni ukubwa: kule ile namba 33 inakuwa na tarakimu zaidi ya 600, na usalama wote unategemea kwamba hakuna anayejua njia ya haraka ya kuirudisha kwenye namba tasa mbili zilizoizaa. Rudia mfano huu kwa 5 na 11, mwenyewe, bila kuchungulia popote. Ukishindwa siku ya kwanza hakuna tatizo. Ukishindwa baada ya wiki mbili, tafuta mtu wa kukufundisha hesabu kabla hujatafuta chuo.

Mambo mengine ya kujipima ni mepesi kuyaeleza. Uweze kusema bila kigugumizi kinachotokea tangu unapoandika anwani ya tovuti hadi ukurasa unafunguka. Ujue kwamba mtandao mdogo wa /26 una anwani 64 na zinazotumika kwenye vifaa ni 62, na ueleze zile mbili zimekwenda wapi. Uweze kuishi ndani ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, siku nzima bila kugusa kipanya. Uandike programu fupi kwa lugha ya Python inayosoma faili la kumbukumbu za seva na kukuambia ni anwani ipi imejaribu nenosiri mara nyingi kuliko zote. Kwa Linux, mchezo wa bure wa Bandit ulio kwenye tovuti ya OverTheWire utakufikisha. Kwa usalama wa tovuti, PortSwigger wana mafunzo ya bure yanayozidi baadhi ya vitabu nilivyonunua. Chuo cha Carnegie Mellon nacho kina picoCTF, mashindano ya kutegua mafumbo ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuanza nayo.

Hatua ya 3: Jenga maabara yako mezani

Huhitaji seva. Laptopu yenye kumbukumbu ya kazi (RAM) ya gigabaiti 16 inatosha. Ya 8 itakwenda kwa kuvumilia. Iliyotumika ya dukani Kariakoo si vibaya, mradi uikague betri na diski kabla ya kutoa hela.

Sakinisha VirtualBox, ambayo ni ya bure. Inakuwezesha kuendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako. Tengeneza mbili. Moja iwe Kali Linux, yenye zana nyingi za wakaguzi wa usalama. Ya pili iwe Metasploitable 2, mfumo uliojazwa matundu kwa makusudi ili wanafunzi wajifunzie. Hapa soma taratibu: kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta hizo mbili, chagua mtandao wa ndani tu, ule usiotoka nje ya laptopu. Metasploitable ukiiweka kwenye Wi-Fi ya nyumba ya kupanga, umefungua mlango wa nyumba nzima.

Zoezi la kwanza nililofanya mimi, na ambalo bado naliona bora kuliko mengi: washa Wireshark, programu inayonasa data zinazopita mtandaoni, kwenye Kali, kisha kutoka hapohapo ingia Metasploitable kwa telnet, njia ya zamani ya kuingia kompyuta ya mbali. Ukimaliza, simamisha Wireshark ufuatilie mazungumzo yale. Utaliona nenosiri lako limekaa pale herufi kwa herufi, kama barua isiyo na bahasha. Rudia kwa SSH, njia inayosimba mazungumzo hayo. Huoni kitu. Nilikuwa nimesoma habari za usimbaji fiche miaka mitatu ya digrii ya kwanza, nikauelewa usiku ule.

Zoezi la pili ni la wachunguzi. Chukua flashi ya zamani, tengeneza nakala yake kamili kuwa faili moja, piga alama ya vidole ya faili hilo, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, kwa amri ya sha256sum, iandike daftarini. Badilisha herufi moja tu ndani ya nakala, piga tena. Alama yote inabadilika. Ndiyo maana mchunguzi hupiga alama kabla ya kugusa chochote na tena anapomaliza: akiulizwa na wakili kama ushahidi umechezewa, anaonyesha namba mbili zinazofanana.

Kila zoezi liandikie ukurasa mmoja: nilitaka nini, nilifanya nini, kilitokea nini, mwenye mfumo angejilindaje. Kurasa ishirini za namna hiyo zitakusaidia kwenye usaili wa udahili kuliko cheti chochote ulicho nacho.

Na sasa onyo ambalo si la mapambo. Ukishajua kutumia nmap, zana ya kuchungulia milango iliyo wazi kwenye mifumo, mkono unawasha; unataka kuijaribu tovuti ya chuo, mfumo wa kazini, Wi-Fi ya jirani. Usifanye. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo bila idhini, na adhabu inaanzia faini ya shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kenya, sheria ya 2018 inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5 za kule au kifungo cha hadi miaka mitatu. "Nilikuwa najifunza tu" si idhini. Idhini ni karatasi yenye sahihi ya mwenye mfumo, inayotaja mfumo gani, tarehe gani na mipaka gani.

Hatua ya 4: Chagua chuo

Kwa vyuo vya Tanzania, kiwango cha kawaida cha kuingia masta ni digrii ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7. Walio chini ya hapo wanaweza kupitia stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja kisha wakapanda. Ni njia ya heshima kabisa, na anayetoka fani nyingine hupata humo msingi wa kompyuta alioukosa.

Nairobi, Strathmore wana masta ya usalama wa mifumo ya habari. Kigali kuna CMU-Africa, tawi la Carnegie Mellon lililoanza mwaka 2011, ambako masta ya teknolojia ya habari inakuruhusu kuegemea masomo ya usalama. Ushindani wake ni mkali na hesabu hazikwepeki. Rudi Hatua ya 2.

Nje ya Afrika watu hukimbilia Uingereza, na sababu ipo: masta ni ya mwaka mmoja. Royal Holloway walianza kufundisha masta ya usalama wa habari mwaka 1992, wakati wengi hatujaiona kompyuta. Kabla ya kulipa chuo chochote cha kule, angalia kama kozi yako imo katika orodha ya shahada zilizothibitishwa na NCSC, kituo cha serikali yao cha usalama wa mtandao. Jua pia kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya darasani kwa kawaida hawezi kuhamia huko na mke, mume au watoto. Kama una familia, lizungumzeni nyumbani mapema, msingoje viza itoke.

Mimi ningependa watu wengi zaidi waifikirie Estonia. TalTech ya Tallinn na Chuo Kikuu cha Tartu wanaendesha pamoja masta ya usalama wa mtandao kwa Kiingereza, na nchi ile haisimulii haya mambo kwa kusikia. Aprili 2007, katikati ya mzozo wa kuhamisha sanamu ya askari wa Kisovieti, benki zao, magazeti yao na ofisi za serikali zilishambuliwa mtandaoni kwa wiki kadhaa. Mwaka uliofuata kituo cha NATO cha ulinzi wa mtandao kikaanzishwa Tallinn.

Kwa asiyeweza kuacha kazi kuna masta za mtandaoni. Georgia Tech ya Marekani ilipoanzisha ya kwake Januari 2019 iliitangaza kwa gharama isiyofika dola 10,000 kwa shahada nzima, na ilikuwa na mkondo wa kiufundi, wa sera na wa mifumo ya nishati. Ukichukua njia hii, hesabu gharama ya vifurushi vya intaneti na umeme wa akiba kama sehemu ya ada. Mtihani wa kusimamiwa kwa kamera ukikatikiwa na umeme katikati, maelezo hayana mwisho.

Chochote utakachochagua nje ya nchi, kabla ya kukubali nafasi hakikisha chuo hicho kinatambuliwa. Tanzania tuzo za vyuo vikuu vya nje hutambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Ni uchungu kurudi na joho kisha mwajiri anakutuma ukaitafutie karatasi shahada uliyoivujia jasho.

Hatua ya 5: Karatasi na pesa

Anza mwaka mmoja kabla. Transikripti ya chuo cha zamani inaweza kuchukua wiki, na kama ulibaki na deni la maktaba la elfu kumi la mwaka 2014, litakumbukwa siku hiyo.

Mdhamini wa kitaaluma mwombe wiki sita kabla, umpelekee wasifu wako, orodha ya masomo uliyosoma kwake na aya moja ya unachotaka kusomea. Mwalimu mwenye wanafunzi mia tatu hakukumbuki. Ukimwachia karatasi tupu, ataandika "ni kijana mwenye nidhamu", na barua ya namna hiyo haina faida wala hasara.

Maelezo yako binafsi ndiyo mahali pa kumwaga kurasa zako ishirini. Linganisha: "Nimekuwa na mapenzi na usalama wa mtandao tangu utotoni" na "Kazini kwetu wateja walikuwa wakitapeliwa kwa kuhamishiwa laini zao za simu kwa watu wengine, nilitengeneza utaratibu wa kusitisha miamala kwa muda laini inapobadilishwa, nikagundua nisichokijua ni namna ya kupima kama unafanya kazi." La pili linamwambia msomaji unakwenda kutafuta nini.

Ufadhili: Chevening ya Uingereza hufunguliwa Agosti, inataka angalau saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na unatia sahihi kwamba utarudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Zipo pia za Jumuiya ya Madola, Erasmus Mundus za Ulaya, Stipendium Hungaricum ya Hungaria na ile ya serikali ya Uturuki. Ukijilipia Uingereza, pesa ya kujikimu lazima ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Hela ya kuazima kwa mjomba ikaingia Jumatatu na kutoka Ijumaa haitakusaidia. Kipimo cha kifua kikuu nacho kinahitajika kwa wanaotoka kwetu.

Hatua ya 6: Darasani

Sina mengi hapa. Unda kikundi cha watu watatu au wanne wenye asili tofauti. Chetu kilikuwa na fundi wa mitandao, polisi na mhasibu, na polisi ndiye aliyetufundisha maana ya mnyororo wa ushahidi, yaani kumbukumbu ya nani alishika ushahidi na lini, vizuri kuliko slaidi zote. Usidharau somo la sheria na la usimamizi wa hatari. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu ambalo WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ilikuja kulitumia Mei mwaka huohuo na kuvuruga hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwepo miezi miwili. Swali la kwa nini hakikuwekwa halijibiwi na kriptografia.

Kazi ya kompyuta, hata ripoti ya kurasa tatu, ihifadhi sehemu tatu, moja ikiwa nje ya nyumba unayolala. Mwanafunzi wa usalama wa mtandao aliyepoteza tasnifu kwa sababu laptopu imeibwa kwenye daladala hana mtu wa kumlilia. Nimemwona mmoja.

Hatua ya 7: Tasnifu, mahali watu wanapozama

Masta nyingi zilizochukua miaka minne badala ya miwili zilikwama hapa. Yangu ilichukua mitatu, na kosa lilikuwa langu.

Nilichagua kupima namna benki moja inavyogundua miamala ya wizi. Meneja aliniahidi kumbukumbu za miamala, kwa mdomo, tukiwa tunakunywa chai. Nikaandika andiko la utafiti, likapita, nikaandika sura mbili nzuri. Miezi saba baadaye meneja akahamishwa mkoa, na aliyekuja akaniuliza swali la haki kabisa: "Barua ya ruhusa iko wapi?" Haikuwepo. Nikaanza upya na mada nyingine.

Kwa hiyo mpangilio sahihi ni huu: data kwanza, kichwa cha habari baadaye. Kabla ya kumpelekea msimamizi mada, uwe na moja kati ya vitu viwili, ama barua yenye mhuri ya mwenye data, ama mada ambayo data yake utaizalisha mwenyewe, kwenye maabara yako au kwa kuhoji watu.

Baada ya hapo, libane swali mpaka libaki dogo. "Usalama wa miamala ya simu Tanzania" ni jina la kitabu. Jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zimekuwepo kiasi kwamba zimegeuka utani wa mitaani, lakini bado zina maswali ambayo hayajachokwa: zinatumia maneno gani yanayojirudia? Programu ndogo kwenye simu ya bei nafuu, bila intaneti, inaweza kuzitambua kwa usahihi gani? Wakala mwenye foleni ya wateja kumi hufanya nini hasa anapohisi mteja wake anatapeliwa? Kila moja ya hayo ni tasnifu nzima, na hakuna wa Tallinn wala London atakayeifanya vizuri kuliko wewe unayeelewa Kiswahili cha tapeli.

Kinyume chake ni mada ambayo imekuwa kama sare: "kugundua mashambulizi ya mtandao kwa kutumia akili mnemba". Mwanafunzi anapakua seti ya data inayoitwa NSL-KDD, anaendesha algoriti nne, anapata usahihi wa asilimia tisini na kitu, anahitimu. Tatizo ni kwamba seti hiyo ilisafishwa mwaka 2009 kutoka kwenye ile ya mwaka 1999, nayo ilitokana na mtandao wa kuigiza uliotengenezwa Marekani mwaka 1998 kufanana na wa kambi ya jeshi la anga. Unapima ulinzi wa leo kwa mashambulizi ya kabla simu yako haijavumbuliwa. Msimamizi mzuri atakuuliza hilo, na mtahini wa nje naye vilevile. Kama lazima uende huko, tumia data za karibuni na ueleze udhaifu wake ukurasa wa kwanza.

Ukihoji watu, namba zao za simu na majina yao ni taarifa binafsi. Tanzania sheria ya kuzilinda ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019, na kule mtafiti anahitaji kibali cha NACOSTI, tume yao ya sayansi na teknolojia, kabla ya kuanza. Badilisha majina kuwa namba siku hiyohiyo unapotoka uwandani, na orodha inayounganisha namba na majina iwe kwenye faili lililosimbwa. Itakuwa aibu kufeli hapo, kwa fani hii.

Msimamizi wako ana watu kumi na wawili kama wewe. Usimsubiri, mpelekee kurasa mbili kila baada ya wiki mbili, ziwe nzuri au mbaya. Mimi nilikuwa naogopa kumwendea mikono mitupu, nikakaa miezi miwili kimya nikisubiri sura ikamilike. Nilipoingia nikasema shikamoo Profesa, akaitikia marahaba, akavua miwani: "Kumbe bado uko na sisi?" Tangu siku ile nilipeleka hata kurasa zenye mashimo. Kila pendekezo lake liandike kwenye jedwali: alisema nini, nimefanya nini, ukurasa gani. Jedwali hilo ndilo litakalokuokoa akisahau alichokuambia Machi na kukuambia kinyume chake Juni.

Marejeo yaweke kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, tangu makala ya kwanza unayosoma. Ni ya bure, na itakuepusha na usiku wa mwisho wa kutafuta mwaka wa chapisho ulilonukuu bila kuandika.

Hatua ya 8: Ukishavaa joho

Vyeti vya kitaaluma ndipo vinapokuja vizuri, kwa sababu sasa una msingi. CISSP, cheti cha wataalamu wa usalama wa habari, inadai uzoefu wa miaka mitano katika angalau maeneo mawili kati ya manane ya mtaala wake. Shahada husika inakupunguzia mwaka mmoja, mmoja tu, hata ukiwa na shahada tatu. Unaweza kufanya mtihani mapema ukakaa kama mshiriki hadi uzoefu utimie. OSCP ni cheti cha wale wa kiti cha kuvunja kwa kibali: mtihani wa vitendo wa karibu saa 24, na kisha ripoti. Zile kurasa za Hatua ya 3 zitakuwa zimekuzoesha ripoti.

Ulisoma nje? Peleka shahada TCU wiki ileile uliyorudi. Na zile data za watu uliowahoji, muda ulioahidi kwenye fomu ya ridhaa ukifika, zifute: kwenye laptopu, kwenye diski ya akiba, na kwenye ile nakala ya tatu uliyoiacha kwa dada yako Mbagala.